Nani Anakukuna Mgongo?

Marahaba, wanangu, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini siku hizi vijana mkikutana na mzee mnaanza na "mambo", kwa hiyo nimeona nijipokelee shikamoo yangu mapema ili tuelewane. Mimi ni Kabula, tabibu wa ngozi mstaafu, naishi Igogo, Mwanza, na mtaa mzima wananiita Mama Vua. Jina hilo nililipata kazini. Kila mgonjwa aliyeingia kwangu, hata kama amekuja na kidonda kimoja kwenye kidole cha mguu, neno la kwanza baada ya salamu lilikuwa "vua shati". Sasa fikirini kijana anapita na wenzake, ananiona nimebeba nyanya zangu, anapaza sauti: "Shikamoo Mama Vua!" Wageni wote wanageuka. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi naitikia kwa sauti kubwa kuliko yake.

Leo nataka tuzungumze juu ya ngozi na tumbo. Najua mnajiuliza, tabibu wa ngozi na mambo ya tumbo wapi na wapi? Hata mimi nilijiuliza nilipoanza. Nilidhani nitatibu mba, mapunye na upele mpaka nistaafu, na kweli nilivitibu sana. Lakini zipo saratani za tumbo, za ini, za kongosho na za mrija wa nyongo ambazo zinajificha ndani kabisa, hazimuumi mtu, na dalili ya kwanza kuonekana iko nje, juu ya ngozi, mahali ambapo hata muuza vocha angeiona kama angejua anatazama nini. Ndiyo maana nawaandikia nyote, mnaosomea udaktari na msiosomea.

Nitawasimulia hasa habari za Mzee Majura, mkulima wa machungwa kutoka Ukerewe, ambaye nusura tumpoteze kwa sababu mke wake alimpenda mno. Njiani nitakuwa natoka pembeni kidogo kidogo, mnivumilie. Sisi Wasukuma tukianza hadithi hatukimbizwi.

Majura alikuja kliniki kwetu Mwanza asubuhi moja, akiwa na mkewe, Mama Veneranda. Usiku wamelala kwa binti yao mjini, baada ya kuvuka kwa meli kutoka Nansio. Mtu mrefu, mpole, suruali imeshikiliwa na mkanda uliotobolewa tundu jipya kwa msumari. Mkanda ule niliuona kabla hajaketi. Wanangu, tazameni mikanda ya watu. Mizani ya kliniki inaweza kuharibika na mgonjwa anaweza kusahau uzito wake, lakini mtu aliyetoboa tundu jipya kwenye mkanda amekonda, hata akikwambia hajambo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, daktari. Mwili unaniwasha. Unaniwasha mpaka natamani niivue hii ngozi niitundike."

"Tangu lini?"

"Tangu michungwa ilipotoa maua."

Zahanati ya kwao walimpa dawa ya upele, ile nyeupe ya kupaka inayochoma. Haikusaidia. Wakampa tena, safari hii kwa nyumba nzima, mashuka yakachemshwa, magodoro yakaanikwa juani. Haikusaidia pia. Siwalaumu. Mtu akija kwako anajikuna, huku kwetu, mara nyingi ni upele kweli.

Hapa lazima nimtaje aliyenifundisha kazi. Aliitwa Mzee Bwire, Mjita mwembamba, mkali, aliyenyoosha mashati yake kwa pasi ya mkaa hata baada ya umeme kufika nyumbani kwake. Alikuwa akisema, "Ngozi haina siri, Kabula. Ina aibu tu. Ipe mwanga na faragha, itasema." Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya mtu anayewashwa mwili mzima. Kama ugonjwa uko kwenye ngozi yenyewe, utauona popote, hata katikati ya mgongo. Lakini kama kinachowasha kinatoka ndani, kwa mfano nyongo imezibwa njia ikarudi kwenye damu, basi ngozi yenyewe ni nzima na alama zote unazoziona amejitia mwenyewe kwa kucha. Na hakuna mtu anayeweza kujikuna vizuri pale katikati, chini kidogo ya mabega. Jaribuni sasa hivi, nawasubiri. Mmeona? Basi pale mkono usipofika, ngozi inabaki laini. Mzee Bwire alipaita shamba lisilolimwa. "Ukiona mwili wote umelimwa na pale katikati pamebaki," alisema, "acha habari za upele. Fikiria ini na nyongo." Kanuni hii niliitumia miaka na miaka, na iliniokolea wagonjwa.

Nikamwambia Majura avue shati. Mikono ilikuwa imechanika kwa kucha, na mapaja, na tumbo. Nikamgeuza. Mgongo nao ulikuwa umelimwa wote, kutoka shingoni hadi kiunoni, tena katikati kuliko pembeni.

Basi, kwa kanuni ya mwalimu wangu, huyu alikuwa mgonjwa wa ngozi tu. Foleni ilikuwa ndefu, mtoto mmoja analia hapo mlangoni kana kwamba tumemnyang'anya kitu, na kalamu nilikuwa nimeshaishika. Lakini kuna mambo yalinikataza. Upele unapenda kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, na sehemu nyingine ambazo sizitaji mbele yenu. Nilimpanua Majura vidole, kote safi. Tena Mama Veneranda alikuwa amekaa pale kwenye kiti, ametulia, mikono imelala mapajani. Upele haujui adabu ya kumbakiza mke.

"Mama, samahani nikuulize. Wewe na mzee mnalala kitanda kimoja?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Tulale wapi tena, daktari? Tumezeeka, lakini hatujagombana."

"Na wewe hujikuni?"

"Sijikuni. Wajukuu hawajikuni. Ile dawa tumepakwa wote mpaka mbuzi wakawa wanatukimbia kwa harufu. Anayewashwa ni huyu peke yake."

"Sasa huku mgongoni anajikunaje?"

"Hajikuni," akasema, tena kwa fahari. "Huo mgongo ni kazi yangu. Kila jioni nikishaosha vyombo analala kifudifudi kwenye mkeka, namkuna na gunzi. Kucha zangu zimeshakwisha."

Gunzi la mahindi, lililopukuchuliwa, kavu! Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nikauangalia tena ule mgongo. Kwenye mikono na tumbo mikwaruzo ilikuwa myembamba, imepishana huku na huku, alama za mtu anayejikuna kwa hasira. Mgongoni ilikuwa mipana, imenyooka, yote inashuka kutoka juu kwenda chini, kazi ya mtu aliyetulia. Shamba lilikuwa limelimwa, ila kwa jembe la mwingine, nami nikawaambia wote wawili jinsi gunzi lilivyotaka kunifichia ugonjwa. Mzee Bwire, Mungu amrehemu, hakuwahi kuoa. Kanuni yake iliwafaa wanaume wasio na mtu wa kuwakuna. Tangu siku ile kila aliyekuja kwangu akiwashwa mwili mzima nilimuuliza swali moja kabla ya kumgeuza: nani anakukuna mgongo? Wapo waliocheka, wapo waliotazama chini, na mjane mmoja wa Sengerema alianza kulia, nikamwacha alie kwanza.

Nikawatoa nje kwenye mwanga. Hili nalo ni somo, mlishike. Ukitaka kuona manjano kwenye mwili wa mtu mweusi, usitazame chini ya taa, na usitazame chini ya turubai. Kliniki yetu ilikuwa na turubai la bluu juu ya mabenchi ya wagonjwa, na chini ya bluu ile manjano ilipotea kabisa, watu wote walionekana wazima wa afya. Mtoe mtu nje, asimame kivulini lakini penye mwanga wa jua. Mwambie atazame chini, kisha inua kope la juu utazame weupe wa jicho ule uliofichika kule ndani. Usitazame ule unaopigwa na upepo wa ziwa kila siku, kwa sababu watu wetu wanaofanya kazi juani macho yana wekundu na rangi ya udongo kidogo, na hiyo siyo manjano. Halafu mwambie afungue mdomo, anyanyue ulimi. Chini ya ulimi kuna ukweli mwingi.

Na msiniletee habari za picha za simu. Kuna kijana wetu mmoja, tabibu mzuri tu wa ng'ambo ya pili ya ghuba, alikuwa akinitumia picha za wagonjwa aniulize maoni. Nikaona siku hizi watu wa kule wana macho meupe na nyuso laini ajabu. Kumbe simu yake ilikuwa inampaka kila mgonjwa poda! Ile mipangilio ya kujipendezesha ilikuwa imewashwa, aliitumia kwa picha zake za Jumapili. Nilimwambia, mwanangu, piga picha zako za kutafuta mchumba kwa simu hiyo, lakini wagonjwa watazame kwa macho yako. Teknolojia ni nzuri, sikatai, na kipimo cha picha ya tumbo kimeokoa wengi niliowatuma mimi mwenyewe. Ila aanze mtu kwanza kuona kuna sababu ya kumtuma.

Turudi kwa Majura. Nje, kando ya bomba la maji, niliinua kope lake. Weupe ulikuwa na njano hafifu, kama karatasi iliyokaa juani. Chini ya ulimi hivyo hivyo.

"Mkojo wako una rangi gani, mzee?"

"Kama chai ya rangi."

"Na choo kikubwa?"

Akamtazama mkewe. Mkewe akajibu, "Cheupe cheupe, daktari. Kama majivu yaliyoloa."

"Tumbo linauma?"

"Haliumi," akasema Majura. "Lingeuma ningekuja mapema."

Nikamrudisha ndani, nikamlaza, nikaweka mkono chini ya mbavu za kulia. Palikuwa na kitu laini, cha mviringo, kama limau, kifuko cha nyongo kilichojaa, na nilipokibonyeza hakukunja hata uso. Manjano bila maumivu, muwasho usio na vipele, choo kilichopoteza rangi, mkanda wenye tundu jipya. Nyongo ilikuwa imezibwa, na kwa mtu wa umri wake, kinachoziba kimyakimya namna hiyo mara nyingi ni uvimbe. Nilijua pia kwamba kama uvimbe uko pale kwenye mdomo wa mrija, mapema, daktari wa upasuaji anaweza kuutoa wote. Ukichelewa haukusubiri. Kwa hiyo huyu mzee alikuwa na nafasi, na nafasi yenyewe ilikuwa inapungua kila siku aliyokunwa na gunzi.

Nikamwambia anatakiwa kwenda hospitali ya rufaa, leo hii, apigwe picha ya tumbo, na huenda akafanyiwa upasuaji.

"Hapana," akasema, huku anavaa shati lake taratibu. "Nipe dawa ya kuosha nyongo, daktari. Meli ya mchana haitaniacha."

"Mzee wangu, hii si ya kuosha."

"Kaka yangu alipasuliwa tumbo. Hakuamka. Mimi sipasuliwi." Akafunga kifungo cha mwisho. "Halafu hiki kitu nakijua kilikotoka. Nina jirani tunagombania mpaka, michungwa miwili. Yuko mzee mmoja kule kwetu, mganga, ameshaahidi atakitoa. Tumeelewana mbuzi."

Nataka mjue nilichofikiri pale, kwa sababu hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kuona dalili ni rahisi. Kusema ndiko kugumu.

Kwanza nilimkumbuka mwenzangu Pius. Pius alikuwa kijana mwenye akili na haraka. Mzee Bwire alitufundisha kwamba shingo na makwapa yakiwa meusi ghafla, ngozi ikawa nene na laini kama kitambaa cha mahameli, inaweza kuwa dalili ya saratani ya tumbo. Ni kweli kabisa. Ila alitufundisha pia mwisho wa somo, na siku ya mwisho wa somo Pius hakuwepo. Jumapili yake akaenda kanisani, akamwona mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza, mama mnene, mchangamfu, shingo nyeusi. Akamvuta pembeni akamwambia ana saratani. Yule mama akarudi nyumbani, akagawa kuku wake wote, akawaita ndugu kutoka Magu, akawapangia nani atachukua cherehani. Kwaya ilikosa sauti ya kwanza mpaka Pasaka. Kumbe watu wanene shingo zao mara nyingi huwa hivyo, kwa miaka, na kinachotakiwa ni kupima sukari. Ya kuogopesha ni ile inayokuja ghafla kwa mtu mzima anayekonda. Yule mama alikutwa na sukari, akaanza dawa, akapona hofu, lakini kuku wake hakuna aliyewarudisha, na Pius alikuwa anabadilisha njia akimwona. Kwa hiyo sikutaka kumtupia Majura neno saratani usoni akaenda kugawa michungwa.

Yuko pia mfugaji mmoja, mzee mkondefu, ambaye yeye shingo yake ilikuwa ile ya kweli. Wakwe zake walimsimanga kuwa haogi, naye akawa anajisugua kwa dodoki na jiwe la ziwani mpaka damu. Uchafu wenyewe hautoki, kwa kuwa si uchafu. Aliponipa mkono wa salamu nilishtuka. Kiganja chake kilikuwa kimekunjamana vijumba vijumba, kama utumbo wa ng'ombe, ile sehemu yenye manyoya manyoya mnayoipenda kwenye supu, na hiyo nayo ni dalili ya saratani ile ile. Tangu hapo mkono wa mgonjwa siuachii haraka. Nauzungusha, nautazama, najifanya nasalimia bado.

Na yuko mama aliyekuja na sarafu kitovuni. Mnajua desturi yetu, mtoto kitovu kikijitokeza tunamfunga sarafu kwa kipande cha kanga mpaka kirudi. Mama yule, mtu mzima mwenye wajukuu, kitovu chake kiliota kinundu, akaambiwa ni ngiri, akajifunga sarafu kama mtoto. Nilipomwambia avue, sarafu ikaanguka ikaviringika chini ya meza. Kinundu kilikuwa kigumu kama mbegu ya parachichi. Ngiri ukimlaza mtu ukaibonyeza polepole mara nyingi inarudi ndani. Hiki hakikusogea. Kilikuwa kimetoka kwenye saratani ya tumbo lake, nacho hakikuja peke yake, maana juu ya mfupa wa bega la kushoto, pale shingo inapoanzia, nilikuta tezi ngumu pia. Nyie mnaosoma, msiipite sehemu hiyo ya kushoto. Tulimpa dawa za maumivu na maneno mazuri, na alikufa mvua za masika zilipoanza. Sarafu yake niliitunza kwenye droo muda mrefu. Nilimlilia yule mama, siwafichi, kwa sababu alikuwa amekaa na ile sarafu mwaka mzima akidhani anajitibu.

Sasa huyu Majura, ambaye bado alikuwa na nafasi, anataka kurudi kwenye meli na kwa mzee wa mbuzi. Nikamwambia polepole, "Mzee wangu, mbuzi wako ni wako, sikukatazi. Lakini kuna kitu kimeziba njia ya nyongo. Kinaweza kuwa jiwe, kinaweza kuwa uvimbe mbaya. Kikiwa uvimbe, leo kinaweza kutolewa. Machungwa yakiiva hakitatoleka. Mzee wa kwenu anaweza kusubiri. Hiki hakisubiri."

"Nimesikia," akasema. Mnajua maana ya "nimesikia" ya mzee wa Ukerewe. Alikuwa ameshachukua kofia yake.

Basi Mama Veneranda akasimama mlangoni. Ni mwanamke mfupi, hafiki hata begani kwa mumewe.

"Majura," akasema, "mimi jioni ya leo sikukuni."

"Unasema nini?"

"Sikukuni. Leo sikukuni, kesho sikukuni. Gunzi nitalitia jikoni nichemshie maji. Ukitaka mgongo wako ukunwe, nenda ulikoambiwa na daktari."

"Veneranda, mbele za watu?"

"Mbele za watu. Mwite na yule jirani wa mpaka aje akukune. Mwite na mwenye mbuzi." Hapo akamsogelea. "Nimekukuna tangu maua mpaka leo, nikidhani nakusaidia. Kumbe namfichia daktari. Sikukuni tena, mume wangu. Nataka upone."

Hata yule mtoto wa mlangoni aliacha kulia. Majura alisimama na kofia yake mkononi, na nikaona bega lake la kulia linajisugua kwenye fremu ya mlango, polepole, juu chini, bila mwenyewe kujua. Muwasho ulikuwa umeshaanza kumshauri upande wa mkewe.

"Hiyo hospitali," akaniuliza hatimaye, bila kunitazama, "ni mbali na hapa?"

Niliwasindikiza mwenyewe. Foleni yangu ilinung'unika, ikazoea. Picha ya tumbo ilionyesha mirija ya nyongo imevimba, na kule chini, pale mrija unapomwaga kwenye utumbo, palikuwa na uvimbe mdogo. Daktari wa upasuaji alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa, mtulivu, mwenye mikono midogo. Alikaa na Majura kitandani, akamchorea tumbo lake kwenye karatasi, akamwonyesha atakachokata na atakachounganisha, akamwambia na hatari zake bila kumpamba. Majura aliutazama ule mchoro. Kisha akamwambia, "Mwanangu, hata mchungwa tunaukata tawi." Akakubali.

Siku ya upasuaji nilikuwa kliniki, namwambia kila mtu vua shati, akili haipo. Niliogopa. Mimi ndiye niliyemzuia asirudi kwake, na kama naye asingeamka, sawa na kaka yake, Mama Veneranda angebaki na neno lake la mwisho lile, "sikukuni tena". Jioni simu ikaja. Uvimbe umetoka wote. Ulikuwa saratani, ukubwa wa punje ya mahindi, haujasambaa. Nilikaa kwenye benchi chini ya lile turubai la bluu nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Msidhani alitoka pale anaruka. Alipata homa, kidonda kikasumbua, akala uji vijiko vijiko mpaka akauchukia, na akawa anarudi kwa vipimo tena na tena. Lakini muwasho uliondoka siku chache baada ya nyongo kupata njia. Alisema alilala usiku mzima akaamka anadhani amekufa, kwa vile mwili ulivyonyamaza.

Msimu uliofuata wa machungwa waliniletea kapu zima. Majura alikuwa amenenepa kidogo, na mkanda umerudi tundu la zamani. Alivua shati kabla sijasema. Tumboni lile kovu kubwa limetulia, na mgongo laini kabisa, mweusi, unang'aa. Nikawa naupapasa kwa furaha, Mama Veneranda akasema kwa sauti ya kushtaki:

"Daktari, mwambie huyu. Bado kila jioni ananiletea gunzi."

Muwasho ukirudi, huenda uvimbe umerudi. Nilimshika Majura mkono, nikamtoa nje mpaka kando ya bomba, nikainua kope lake. Jicho jeupe. Nikamwambia anyanyue ulimi. Safi. Mkojo? Kama maji. Choo? Kizuri, daktari. Nikambonyeza chini ya mbavu pale pale amesimama, mbele ya wagonjwa wote. Hakuna kitu.

"Mzee wangu, niambie ukweli. Mgongo unawasha?"

"Hauwashi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa gunzi la nini kila jioni?"

Majura akatazama upande wa ziwa. Mama Veneranda ndiye aliyejibu, uso wote unacheka.

"Anadeka tu."

Nikarudi mezani, nikachukua karatasi ya dawa, nikaandika kwa herufi kubwa: gunzi, kutwa mara moja, jioni baada ya chakula. Nikampa mkewe. Majura akaniuliza dawa hiyo ataitumia kwa muda gani, nikamwambia hiyo haina mwisho.